Katapila la Mama Mkwe

Usianze na magurudumu. Kila kijana anayekuja kwenye kibanda changu hapa Mugoma na kuniambia, "Shikamoo mzee, nifundishe kutengeneza gari la mbao," nikishamwitikia marahaba tu, mkono wake unakimbilia magurudumu, kwa sababu ndiyo yanayopendeza. Anza na kulitazama gari lenyewe. Kaa chini ulitazame likifanya kazi, mpaka ujue uzito wake umekaa wapi, nguvu zinatoka wapi, na likigeuka ni sehemu gani ya mwili wake inayotangulia. Hayo mimi nilifundishwa na mwanamke asiyeona, ambaye katika miaka yote ya kuwa mkwe wake sikuwahi kumtazama usoni.

Nimefanya useremala mpaka mgongo ukakataa. Nimetengeneza milango, vitanda, madawati ya shule, na majeneza mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lakini mkiniuliza ni kazi gani niliyoifanya halafu nikakaa kuishangaa kama vile imefanywa na mtu mwingine, sitawatajia mlango wala dawati. Nitawatajia katapila la kuchezea, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, nililolitengeneza nyuma ya nyumba yangu miaka ya Operesheni Vijiji. Na halikuwa la mtoto.

Nyinyi mmezaliwa mkakuta nyumba zimepangwa kando ya barabara, mkadhani ndivyo Mungu alivyoziweka. Zamani kila mtu alikaa kwenye kilima chake, na migomba yake, na makaburi yake. Ikatoka amri kwamba wote tushuke tukae pamoja, kijiji cha ujamaa, nyumba kwa mistari. Ila huku kwetu hata barabara ya kukaa kando yake haikuwapo. Ndipo wakaleta katapila kutoka upande wa Biharamulo lije lichonge njia.

Msiwaamini wanaosema walilizoea siku ileile. Mimi nililisikia kabla ya kuliona, na nilidhani ni mvua ya mawe inayotembea. Kisha likatokea kwenye kona ya kilima, na bamba lake la chuma mbele, na udongo mwekundu ukijiviringisha mbele ya bamba kama ugali unaogeuzwa kwenye chungu. Kichuguu ambacho watu walikuwa wakikizunguka tangu kwa babu zao kiliondoka kama mtu anavyofuta makombo mezani. Hewa ikajaa harufu ya mizizi iliyokatwa. Wanaume wazima waliokuwa wamekuja na majembe kusaidia walisimama na majembe yao begani.

Mke wangu Domitila hakwenda kutazama. Yeye alikuwa na hofu yake. Mama yake alikuwa amekataa kushuka.

Mama mkwe alikaa juu ya kilima peke yake. Mumewe, ambaye alikuwa mchongaji wa vyombo vya maziwa vya mti, alikuwa amefariki, na yeye mwenyewe macho yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yamekuwa meupe kama maziwa yaliyoganda. Ndivyo nilivyoambiwa, maana mimi sikuyaona. Kwetu wakati ule mkwe na mama mkwe hawakutazamana, hawakula pamoja, hawakupeana kitu mkono kwa mkono. Ni heshima, msicheke. Hata jina lake sikulitamka akiwa hai, na leo nikitaka kulitaja ulimi unakataa.

Majirani zake wote walikwisha shuka. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba katapila likifika kijitoni, chini ya kilima chake, wanamgambo watapanda juu kubomoa nyumba zilizobaki, aliyemo na asiyemo. Hayakuwa maneno ya kutisha watoto. Kilima cha pili tulikuwa tumeona mapaa yakishushwa na watu wamekaa nje na vyungu vyao. Domitila alipanda kila siku kumsihi, akarudi kila siku na jibu lilelile.

"Anasema hatalala jirani na mnyama asiyemjua," akaniambia. "Anasema huo mngurumo anausikia mgongoni akilala, unapita ardhini, unaingia kwenye mkeka. Nikimwambia ni mashine, ananiuliza mashine ina miguu mingapi. Mimi nitamjibu nini?"

"Mwambie ni kama lori."

"Hajaona lori, baba. Macho yalikwisha kabla malori hayajafika." Akashika ukingo wa benchi langu la kazi. "Mtengenezee. Dogo, la kushika. Alione kwa mikono."

Nikalitengeneza haraka, kijinga, kama mtu anayetaka kumnyamazisha mtoto. Katapila nilikuwa nimeliona kwa mbali tu. Nikakata gogo bichi la msave, ule mti wa maua ya njano uliokuwa kwenye kila boma, nikalikatakata kwa msumeno kama anayekata kiazi kikuu, nikapata magurudumu manne ya duara safi. Nikayaunga na boksi la mbao kuwa mwili, nikapigilia kibao mbele kuwa bamba. Kisha nikalipaka rangi ya njano iliyokuwa imebaki kwenye mlango wa zahanati, nikaliweka juani likauke.

Domitila alitoka nje akalitazama sana. "Rangi hiyo umempakia nani?"

Hapo ndipo nikakumbuka macho ya mama yake. Mara tukasikia ta! kutoka juani. Gurudumu la kwanza lilikuwa limepasuka kutoka katikati hadi ukingoni, mwanya wa kuingiza kidole. Tulipokuwa tunalitazama, la pili nalo likaitika.

Domitila akalipeleka hivyohivyo kwa mama yake, siku hazikuwa zinatusubiri. Jioni akarudi nalo kichwani, na mdomo ameukunja ili asicheke.

"Anasema mume wake angekupiga na tezo."

"Kasema nini kingine?"

"Anasema umeacha moyo ndani ya mti. Baba alikuwa akipasua gogo kwanza, anatupa moyo, anachonga ubavuni mwa mti. Halafu anakizika chombo kwenye samadi mbichi, kikauke polepole kama mtu anayepona, ndipo anakisugua samli. Anasema na wewe uliyesomea ufundi misheni, kuanika juani umefundishwa na nani?" Hapo akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikakatika. "Na anasema limekufa. Kinachonguruma hivi hakiwezi kuwa na magurudumu kama mkokoteni. Anasema hukukitazama."

Shikeni hilo la moyo wa mti, maana mpaka leo naona watu wanauza magari ya mbao mnadani na magurudumu yamekatwa gogo zima, na ninajua yatapasuka kabla mtoto hajaota meno. Mti hunywea zaidi kuuzunguka moyo kuliko kuuelekea. Ukiuacha moyo katikati, mti unakosa pa kwenda, unajipasua. Pasua gogo, toa moyo, chukua ubavu. Na usiweke juani. Kivuli, unyevu, subira.

Asubuhi nikashuka kwenye barabara mpya, na kamba mfukoni.

Dereva wa katapila alikuwa Msukuma mmoja mwenye kifua kama pipa, jina lake Masanja, ambaye wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alikuwa amezima mtambo, anakula viazi baridi. Aliniona nazunguka mtambo wake nikipima kwa kamba na kupiga mafundo.

"Fundi!" akaniita. "Unalipima suruali?"

Nikamsalimu, nikamweleza yote: mama mkwe, macho, mkeka unaonguruma, wanamgambo. Nilitegemea anicheke. Aliweka kiazi chini.

"Sasa wewe unataka kumwonyesha kitu gani hasa?"

"Linavyotembea."

"Basi inama hapa."

Nikainama kando ya mtambo, uso karibu na chuma. Masanja akapanda, akauwasha, na dunia ikaanza kutetemeka chini ya magoti yangu. Akalisogeza mbele pole kabisa, kama anayesogeza kitanda chenye mgonjwa. Na mimi nikaona.

Sijui niwaelezeje, nyinyi mnaoona mambo haya kwenye simu. Ule mnyororo mpana wa vyuma ulikuwa umelala juu ya udongo, hausogei. Kabisa. Bamba moja la mnyororo lilikuwa mbele ya pua yangu, limekanyaga jani la mgomba, na jani halikuburuzwa hata kidogo. Mtambo mzima, uzito wa nyumba ya misheni, ulipita juu yake. Kisha bamba lile likanyanyuka nyuma, taratibu, likapanda juu, likaanza safari ya kurudi mbele kulala tena. Katapila lilikuwa linajitandikia njia yake lenyewe, linatembea juu yake, na linaikunja nyuma yake kwenda nayo. Nilikaa pale na udongo kwenye nywele. Nilisoma misheni, nilijua sala zote, lakini siku ile ndiyo niliyojua maana ya kuinama.

Masanja akazima. "Umeona?"

"Nimeona."

"Mimi nililiona hivyo siku ya kwanza nikashindwa kula," akasema, akaokota kiazi chake. "Lakini sikiliza. Mnyororo ukilegea unatoka nje ya gurudumu. Ukiukaza mno unatafuna vyuma. Unajua kukaza kamba za kitanda? Basi ni hivyohivyo. Gurudumu la mbele lazima lisogee."

Haya ndiyo niliyoyafanya, na anayetaka kutengeneza lake ayafuate. Mwili wa msave uliotolewa moyo. Magurudumu nilichonga ubavuni mwa mti kwa tezo na patasi, nikayazika kwenye samadi kama nilivyoagizwa, nikayasugua samli. Ekseli za mninga, kwa sababu mninga haulewi maji. Mnyororo ulikuwa mkanda wa ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa na kuvutwa, na juu yake nikafunga vipande vya mninga kimoja baada ya kingine, vyembamba, vinavyogusana bila kubanana. Tundu la ekseli ya mbele nilichonga refu, nikatia kabari ya kusukuma mbele mkanda ukilegea. Bamba nikaliwekea mikono miwili na mpini, likawa linapanda na kushuka.

Msumari hata mmoja sikutumia. Vijiti vya mninga tu, vilivyokaushwa jikoni juu ya moshi na kupigiliwa kwenye mti wenye unyevu kidogo, ili mti ukikauka ukumbatie kijiti na usikiachie tena. Ujuzi huo ulikuja kuniokoa wakati wa vita vya Kagera. Misumari ilipotea madukani kama imeyeyuka. Wenzangu walifunga karakana. Mimi niliendelea na madawati na viti vya vijiti, na watoto wakinijia kila siku wanataka niwachongee vifaru, maana walisikia vifaru vinakwenda kaskazini na walijua najua mnyororo. Masanja naye alikuwa amechukuliwa, yeye na mtambo wake, kwenda kufungua njia za jeshi kule juu. Alirudi salama. Nilimuuliza ameona nini, akaniuliza kama nina kiti cha kuuza. Sikumuuliza tena.

Lakini nawarudisha kwenye kilima.

Nilipomaliza, katapila la kweli lilikuwa limeshakaribia kijitoni. Domitila alibeba lile la mbao mgongoni kwenye kitenge, kama mtoto, kwa sababu njia ni ya kupanda. Mimi nikafuata kwa mbali. Yeye akaingia uani, mimi nikakaa nje ya ua wa matete, mgongo nimeuegemeza kwenye matete. Yaliyosemwa yalikuwa ya Kihangaza, nayageuza kwa ajili yenu.

"Mkwe yupo nyuma ya ua?" sauti ya mama mkwe iliuliza.

"Yupo, mama."

"Mwambie nimenusa samli. Mwambie hapo amesikia."

"Mama anasema amenusa samli," Domitila akapaza sauti, kana kwamba mimi nipo Burundi.

Nikasikia viganja vikipita juu ya mti, sauti kama ya kuku anayechakura kwenye majani makavu. Vilipita juu ya boksi, vikashuka kwenye bamba, vikalipandisha, vikalishusha. Vikalipandisha tena.

"Hii ni taya," akasema.

"Ni bamba la kusukumia udongo, mama."

"Ni taya. Nyamaza."

Viganja vikafika kwenye mnyororo. Nilisikia likisogezwa juu ya mkeka, vipande vya mninga vikigonga kimoja kimoja, tk, tk, tk, pole sana. Likasimama. Likarudishwa. Likasogezwa tena, na safari hii nilijua, bila kuona, kwamba ameweka kidole juu ya kipande kimoja na anakifuatilia.

"Ee!" akasema. "Ee, Domitila! Kimelala chini hiki. Halikiburuti!"

"Ndiyo, mama."

"Linatembea juu ya mkeka wake lenyewe!" Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, ya msichana. "Linautandika, linaukunja. Linautandika, linaukunja. Nani alilifundisha?"

Mimi nyuma ya ua nilikuwa natokwa na machozi kama mjinga, na mkono mdomoni.

Alilichezea hilo katapila mpaka jua likahama upande wa ua. Mwisho akasema, "Mwambie mkwe kesho nataka kulishika lenyewe."

Kesho yake ndiyo siku ambayo mwenyekiti alikuwa ameipanga. Wanamgambo walikuwa wamekaa kijitoni wakinoa mapanga na kusubiri amri. Domitila akamshusha mama yake kwa kumshika mkono, na mimi nyuma kabisa, macho nimeyatupa kwenye migomba. Masanja alipomwona anakuja alizima mtambo, akavua kofia. Alikuwa anajua Kisukuma na Kiswahili tu, kwa hiyo Domitila akawa mdomo wa watu wote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwambie asimame mbali, ananuka mafuta."

Akanyoosha mikono. Ikagusa bamba kwanza, na bamba lilikuwa refu kumzidi kimo. Nilimwona kwa nyuma akiinua mikono juu, akitafuta ukingo, akikosa. Akatembea kwa kiganja kuelekea ubavuni, akaufikia mnyororo, akainama, akashika bamba moja la chuma lililolala chini kwa mikono yote miwili. Hapo akakaa. Wanamgambo walikuwa wameacha kunoa.

"Mwambie aliamshe," akasema, akirudi hatua moja, kiganja chake kikibaki kwenye chuma cha juu.

Masanja alinitazama mimi. Mimi nikatazama migomba. Akawasha.

Bibi yule alitikisika mwili mzima, lakini hakuuondoa mkono. Alisimama pale, kichwa ameinua, mngurumo ukipanda kwenye mkono wake mpaka kwenye meno, na uso wake, ambao niliuona kwa ubavu kwa kufumba na kufumbua, Mungu anisamehe, ulikuwa uso wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mara ya kwanza.

Mtambo ulipozimwa akasema, "Lina homa." Kisha akasema, "Nitashuka."

Domitila akaanza kulia. Mama yake akamgonga begani. "Sijamaliza. Nina jiwe la kusagia, na mafiga yangu matatu. Hawa vijana wa mapanga hawawezi kulibeba jiwe lile, watalivunja au watalitupa. Mwambie mwenye mnyama aje alichukue."

Domitila akatafsiri, ameona haya. Masanja akacheka, akanyoosha mkono kuelekea kilimani. "Bibi, huko juu hakuna barabara!"

Ikatafsiriwa.

"Mwulize," mama mkwe akasema, "kwani kazi yake ni nini?"

Mwenyekiti alikuwapo. Alimgeukia dereva amzuie. Masanja alikuwa ameshavaa kofia yake.

Lilipanda. Lilijichongea njia ubavuni mwa kilima, mahali ambapo mbuzi alikuwa akifikiria kwanza, na tukalifuata sote, wanamgambo pia, mapanga yamesahauliwa kijitoni. Pale uani Masanja alilaza bamba chini kabisa, akalijaza majani ya migomba, na wanaume wanne wakaviringisha jiwe la kusagia mpaka likakaa juu ya majani, wakalifunga kwa kamba kwenye bamba lisidondoke. Lilikuwa jiwe pana, katikati limechimbika kwa mikono ya wanawake wa ukoo wao. Mafiga yakawekwa pembeni yake. Domitila akachukua mkeka, vyombo vya maziwa vya baba yake, na katapila la mbao. Nyumba ikabaki wazi. Hakuna aliyeibomoa siku hiyo.

Kisha chuma kile kikubwa kikaanza kushuka, bamba limeinuliwa kidogo tu kutoka ardhini, jiwe limelala ndani yake kwenye majani. Mama mkwe alitembea kando yake, mkono mmoja ameshikwa na binti yake, mwingine ameuweka kwenye ukingo wa pembeni wa bamba kama anayeongoza ng'ombe mwenye mimba. Mimi nilikuwa nyuma, mbali inavyompasa mkwe. Kwenye mteremko mtambo ukayumba kidogo, na jiwe likagonga chuma.

"Polepole, wewe!" mama mkwe akapaza sauti. "Hilo ni jiwe la mama yangu!"

Hakuna aliyetafsiri. Masanja hakujua neno hata moja la Kihangaza, na mngurumo ulikuwa umetujaa masikioni sote. Katapila likapunguza mwendo.